Nipe Chumvi, Wanjugu

Kwetu Lodwar tukisema mtu "ametoka Kenya" tunamaanisha ametoka popote ng'ambo ya Kitale. Najua, na sisi tuko Kenya. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano na ramani naifundisha kila muhula. Lakini ndivyo tunavyosema, na Wanjugu alitoka Kenya. Alitoka Mukurweini, Nyeri, Januari ya mwaka 2010, akiwa na godoro, jiko la mafuta na katoni tatu zilizozungushiwa selotepu. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali, kazi yake kuandika vizazi na vifo. Akapanga vyumba viwili vya mabati pale Kanamkemer, jirani na boma letu. Kati yetu na yeye kulikuwa na ua wa mathenge, ule mti wa miiba usiokufa hata ukiulaani.

Siku ile ile mama yangu, Akeno, alipita kwenye pengo la ua kwenda kumsalimu. Nilimsikia Wanjugu akimjibu kwa sauti ya mtu anayejizuia kulia. "Sitakaa, mama. Nimekuja miaka miwili tu."

Alikaa kumi na miwili.

Niseme mapema kwamba sikumpenda. Hakuwa mtu mbaya, ila mimi sina subira na watu wanaoishi mahali kama wanasubiri gari. Katika zile katoni tatu alifungua moja tu, akatoa sufuria mbili, kijiko kimoja, kikombe kimoja na sahani moja. Nyingine mbili alizisukuma chini ya dirisha, akazitandikia kitambaa, zikawa meza. Ndani ya mojawapo kulikuwa na vikombe sita vya udongo vyenye maua ya waridi, zawadi ya harusi yake. Nilipomuuliza mbona asivitumie aliniangalia kana kwamba nimetukana.

"Hivyo ni vya nyumbani, Mwalimu."

Nyumbani ni Mukurweini, ambako alikuwa akijenga nyumba ya mawe, chumba kimoja kimoja, kila likizo. Mumewe alikuwa amefariki kabla hawajajaliwa mtoto. Kwa hiyo kila Desemba alisafiri siku mbili kwenda kufagia nyumba ambamo hakuna anayeishi, akaifunga, akarudi kwenye nyumba nyingine ambamo yeye mwenyewe alikataa kuishi. Kila baada ya miaka miwili hivi aliandika barua ya kuomba uhamisho. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yake na hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na alikuwa mpweke sana. Wakati huo sikuliona hilo. Niliona mwanamke anayeringa.

Aliniambia baadaye, tulipokuwa tumeshazoeana, kwamba wakati mgumu kuliko wote ulikuwa saa ya kula. Aliweka ugali wake na sukuma wiki kwenye ile sahani, akafumba macho, akasema kama alivyolelewa: Bwana, ubariki chakula chetu.

"Chetu!" akaniambia. "Mimi na nani? Nikifumbua macho ni mimi na ukuta."

Jumuiya yetu ya kanisa hukutana Jumamosi saa kumi jioni, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tunasoma Injili, tunaomba, tunakunywa chai kama ipo. Zamu ya Wanjugu ilipofika mara ya kwanza alikataa kwa upole. Nyumba yake haina viti, alisema. Tukatazamana. Nyumba gani Kanamkemer ina viti? Wazee wetu hutembea na viti vyao mkononi, kile kibao kidogo cha mti, mchana mtu hukikalia na akitaka kulala hulaza kichwa juu yake. Akina mama huketi kwenye ngozi au mkeka, na miguu huinyoosha mbele. Hakuna aliyewahi kuingia kwa mtu akatafuta kiti. Lakini mwenye nyumba akisema hataki, hataki, na baada ya kukataa mara tatu tukaacha kumwekea zamu. Alikuja kwa wenzake kila Jumamosi bila kukosa, akaketi karibu na mlango, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua rangi ya pazia lake.

Isipokuwa sisi wa ng'ambo ya ua, na hasa mama yangu.

Kila asubuhi, mbuzi wakishatoka na kabla jua halijaanza kuchoma, mama alipita kwenye pengo la ua.

"Wanjugu! Ejok?"

"Ejok, mama."

"Nipe chumvi."

Siku nyingine ilikuwa majani ya chai, au njiti mbili za kiberiti, au sukari ya kufunika kiganja. Mara nyingi ilikuwa chumvi. Wanjugu alimpa, mwanzoni kwa tabasamu, halafu kwa kupitisha mkono tu mlangoni. Mwaka wa tatu au wa nne akaanza kujificha. Akisikia viatu vya mama, vile vya matairi, alizima redio na kukaa kimya kitandani. Mama alisimama pale nje, akaita mara mbili, akarudi, na kesho yake akaenda tena.

Sasa nieleze jambo ambalo nilipaswa kumweleza Wanjugu na sikumweleza. Chumvi tulikuwa nayo. Mshahara wa mwalimu si mkubwa lakini chumvi haijawahi kukosekana nyumbani kwangu. Mama hakwenda kwa ajili ya chumvi. Kwetu mtu unayempenda unamwomba. Unamwomba tumbako, unamwomba maji, unamwomba mbuzi ukiwa na sababu, naye kesho anakuomba wewe, na hivyo mnajua kwamba mko pamoja. Mtu ambaye humwombi kitu ni mpita njia. Nilizaliwa katika hayo, lakini nilisoma bweni, nikafundishwa na watu waliotoka ng'ambo ya Kitale kwamba kuomba ni aibu, na aibu hiyo nikaja nayo nyumbani pamoja na cheti changu.

"Mama, unatuaibisha," nilimwambia siku moja. "Huyu mama wa watu atasema sisi ni ombaomba."

"Kama sijamwomba kitu, kesho nitaenda kwake na sababu gani?" Alikuwa anasuka kikapu cha majani ya mkoma na hakuinua kichwa. Halafu akasema lile ambalo nilijifanya sikulisikia. "Na yeye hajaniomba kitu hata siku moja. Miaka yote hii. Mimi nimemkosea nini?"

Mama alimwomba Mungu vile vile alivyoomba majirani, bila haya. Kwenye jumuiya, ikifika saa ya maombi ya kila mtu, tulijua tukae vizuri kwa sababu Akeno atachukua muda wake. Akuj, nipe mvua. Akuj, yule mbuzi mweupe anaharisha, mwangalie. Akuj, nipe magoti ya kuamka nayo. Akuj, mpe binti yangu Caritas mume, na asiwe mlevi. Watu walicheka na mimi nikatamani ardhi inimeze, lakini mama alikuwa anaomba kweli, na akimaliza uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga.

Wanjugu yeye alisema neno moja kila Jumamosi. "Namshukuru Mungu kwa yote." Basi. Hakuomba mvua, hakuomba afya, hakuomba hata uhamisho.

Tukirudi nyumbani jioni moja mama akaniuliza, "Huyu mama amegombana na Mungu?"

Nilicheka. Singecheka kama ningejua.

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 2016, mwezi wa tatu, joto la kupasua vichwa. Nilikuwa nyumbani nasahihisha madaftari kwenye kivuli. Nikamwona Wanjugu akipita kwenye pengo la ua, yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Amefunga kitambaa safi kichwani, anatabasamu, na mikononi amebeba pakiti ya chumvi ya kilo nzima. Nilijua baadaye kwamba alikuwa amefunga na kusali siku tatu juu ya jambo hilo. Padri alikuwa amehubiri juu ya sadaka, naye akajiona jinsi alivyokuwa akimfungia mlango mama mzee kwa sababu ya chumvi, akaona aibu. Alikuja na moyo mzuri kabisa. Hilo ndilo linaloniuma.

"Mama Akeno, shika," akasema. "Kilo nzima. Sasa usihangaike tena kuja kila asubuhi."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Ejok," yaani ni vyema. Akaingia ndani. Kuna kikapu chake kinachoning'inia kwenye boriti, anachowekea vitu vya thamani: rozari, picha ya ubatizo wangu, ushanga wa mama yake. Akaitia chumvi humo bila kuifungua, akatoka, akarudia kusuka kikapu chake. Wanjugu alikuwa ameshaondoka, amefurahi.

"Amenifukuza," mama akasema kwa Kiturkana.

"Mama, amekupa kilo nzima!"

"Ndiyo. Amenifukuza na kilo nzima."

Kesho yake hakwenda. Wala keshokutwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Nilisema moyoni, angalau sasa tumepumzika na aibu. Ningeweza kuvuka ua ule kwa hatua kumi nikamweleza yule mwanamke alichofanya. Sikuvuka. Niliona haya kueleza.

Wanjugu naye alifurahia ule utulivu kwa wiki tatu. Wiki ya nne, alinisimulia, alijikuta amesimama nyuma ya mlango saa ile ile, sufuria ya chai jikoni, anasikiliza. Alisikia mama akiwafokea mbuzi. Alisikia kikohozi chake. Viatu vya matairi vilielekea upande mwingine. Akajiambia kwamba basi, walichotaka wamepata, ndivyo watu walivyo. Lakini saa ile ya asubuhi ilikuwa imebaki na shimo, na hakuwa na kitu cha kulifunikia. Wakikutana njiani mama alimsalimu vizuri kabisa, "Ejok," akapita. Hakuna ugomvi wowote ambao mtu angeweza kuja kusuluhisha. Waliishi hivyo miaka sita, ua ule ule wa mathenge katikati.

Mwaka 2022, kwa barua ya sita au ya saba, uhamisho wake ukakubaliwa. Akapelekwa Kakuma.

Jumuiya nzima ilicheka kwa huruma. Mtu ameomba kurudi upande wa Nyeri, anasogezwa mbele zaidi, kuelekea Lokichoggio na mpaka! Alipakia vitu vyake kwenye pikapu asubuhi ya Jumamosi, katoni mbili bado na selotepu yake ya Mukurweini. Nilikwenda kumsaidia. Godoro likafungwa, jiko likafungwa, na bado hakupanda. Kando ya gari alikuwa ameweka ndoo mpya ya plastiki, haijatumika. Alikuwa anaangalia pengo la ua.

"Mama yako yuko?"

"Yuko."

Alimngojea mama aje aombe. Ndoo ile ilikuwa ya kumpa. Na mama alikuwa ameketi mlangoni kwetu, anaona kila kitu, anasuka. Hakuja. Dereva akapiga honi. Wanjugu akapanda na ndoo yake mapajani.

Kakuma alipata chumba kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Nadapal mpakani yanapopita na kutikisa mabati. Mji ule una watu wa kila namna na kelele za kila lugha, na Wanjugu hakuwahi kuwa peke yake namna ile. Ofisini alikuwa madam. Kanisani alikuwa yule mgeni wa Lodwar. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mshonaji kutoka Sudan Kusini, Nyaluak, mwanamke mrefu mwenye watoto watatu. Walipungiana mikono asubuhi na jioni, ikawa imeisha. Miezi ikapita. Siku moja akifua akajiuliza ni lini mara ya mwisho mtu kumwita Wanjugu, jina lake tupu, bila madam wala mama wala mgeni. Akakumbuka. Alikuwa ni yule aliyekuwa akimwomba chumvi mlangoni, na yeye amejificha kitandani na redio amezima.

Krismasi hiyo hakwenda Mukurweini, likizo haikutoka. Alitoka misani, akapika chapati mbili na kuku kidogo, akaweka kwenye sahani yake. Upande wa pili wa ukuta watoto wa Nyaluak walikuwa wanaimba kwa lugha yao na kupiga debe. Akafumba macho. "Bwana, ubariki chakula..." na lile neno lililofuata likakataa kutoka. Alikaa hapo mpaka chai ikapoa na mafuta ya kuku yakaganda. Akafunika sahani kwa sufuria na kulala chali akiangalia mabati, mchana wa Krismasi, mwanamke wa miaka hamsini na sita.

Ofisini kulikuwa na tarishi, Lokaale, kijana wa miaka arobaini mwenye meno mazuri na mbuzi wengi kuliko mkurugenzi. Huyo aliomba kila kitu. Madam, nipe kalamu. Madam, nipe gazeti ukimaliza. Madam, nipe ile peremende. Mwezi wa pili, siku ya joto, Wanjugu akapasuka.

"Lokaale, kwa nini nyinyi watu mnapenda kuombaomba hivi? Una mbuzi hamsini!"

Lokaale hakukasirika hata kidogo. Alivuta kiti.

"Iko mia na kumi, madam. Sasa, mimi iko na kalamu." Akaitoa mfukoni, akamwonyesha. "Hii hapa. Lakini nikikaa nyamaza, wewe utajua aje sisi iko pamoja? Ile boss ingine ya mbele, mimi sikuwa naomba yeye kitu. Hapana. Yeye alikuwa mtu mbaya." Halafu akainama mbele, na sasa uso wake ukawa na dukuduku. "Na wewe, madam, mwaka moja hii, mbona hujaniomba kitu? Unaona mimi sina?"

Wanjugu akaweka kalamu yake chini.

"Lokaale, mtu akikuja kukuomba chumvi kila siku," akauliza polepole, "halafu wewe unamletea kilo nzima, unamwambia asikuje tena?"

Lokaale alishtuka. "Kilo yote? Kwani nyinyi mlikosana?"

Saa ya chakula hakula. Alikwenda kwenye chumba chake, akafunga mlango, akalia kilio ambacho hakukilia tangu alipomzika mumewe. Na katika kunisimulia kilio hicho ndipo nilipopata jibu la swali la mama yangu, kama amegombana na Mungu, kwa sababu Wanjugu aliniambia yote baadaye, tukiwa tumeketi wawili. Mumewe alipougua alimwomba Mungu kwa siku kumi na nne, bila kulala, bila kula, aliomba mpaka sauti ikakauka. Hakupewa. Siku ya mazishi aliweka nadhiri bila kumwambia mtu: atamshukuru Mungu, atatii, atakwenda kanisani, lakini hatamwomba tena kitu. Wala mtu mwingine yeyote. Aliishi hivyo miaka ishirini na minne na kuita jambo hilo imani. Sala aliyotufundisha Bwana mwenyewe ina maombi kutoka juu hadi chini, mpaka mkate wa siku, naye aliisema kila asubuhi bila kuisikia.

"Mchana ule nikamwomba," akasema. "Nilipiga magoti nikasema, nipe mtu wa kula naye. Niliona haya, Mwalimu. Kama msichana."

Kisha akanawa uso, akatoka na kusimama mbele ya mlango wa Nyaluak, na hapo akagundua kwamba hajui aombe nini. Hakuwa amepungukiwa na kitu. Cherehani ikasimama. Nyaluak akainua macho.

"Nipe..." akasema Wanjugu. "Nipe chai."

Nyaluak aliinuka. Kisha akasukuma nguo pembeni. "Taal, taal, ingia! Mimi naona wewe mwaka moja, mlango nafunga, nafunga. Mimi nasema, huyu mama hapana taka watu. Kaa chini."

Chai ilikuwepo, lakini vikombe vilikuwa viwili na watu walikuwa watano. Wanjugu akasema ngoja. Akarudi kwake, akachukua kisu, akaikata ile selotepu ya Mukurweini. Kikombe kimoja kilikuwa kimevunjika siku nyingi ndani ya karatasi zake, labda miaka kumi, na yeye akikitunza. Vitano vilikuwa vizima. Walikunywa chai ya tangawizi kwenye vikombe vya waridi, watoto wakivishika kwa mikono miwili, na kabla hawajanywa Wanjugu akaomba ruhusa abariki. Nyaluak akainamisha kichwa. "Ubariki chai yetu," akasema Wanjugu, na safari hii lile neno likatoka.

Ningependa kuishia hapo, maana ni pazuri. Lakini Nyaluak hakuwa amefukuzwa. Aliyefukuzwa alikuwa mama yangu, na Wanjugu alilijua hilo sasa kila akiweka chumvi kwenye sufuria. Wiki nne alihangaika. Akeno ana umri gani? Kama hatamfungulia? Kama amekwisha kumsahau, hilo je, si litakuwa baya zaidi?

Jumamosi moja mwezi wa tatu alipanda gari la asubuhi kuja Lodwar. Aliposhuka alisimama mbele ya duka. Mkikuyu haendi kumtembelea mtu mikono mitupu, labda awe mgonjwa au mwendawazimu. Alishika mfuko wa sukari, akauweka chini. Akashika kitenge kizuri cha bluu, akakiacha. Alitembea mpaka Kanamkemer mikono ikining'inia, na anasema hajawahi kujisikia uchi namna ile.

Nilikuwa nafua. Mama alikuwa mlangoni na kikapu chake. Macho yake yameingia ukungu siku hizi, anasuka kwa vidole tu. Nikamwona Wanjugu amesimama kwenye pengo la ua, amekonda, na vumbi la safari kwenye kitambaa chake. Hakuniangalia.

"Akeno! Ejok?"

Vidole vya mama vikasimama.

"Ejok."

"Nipe chumvi."

Mbuzi mmoja alikuwa anatafuna kamba ya nguo zangu na sikumfukuza. Nilimwona mama akiinua uso kuelekea ile sauti, na uso haukuwa na dalili yoyote. Nikaogopa. Nilijua jinsi anavyoweza kuwa mgumu. Miaka saba mtu amebeba kitu, anaweza kukiona ni chake.

"Nani anaomba?" mama akauliza kwa Kiswahili.

"Ni mimi. Wanjugu."

"Wanjugu iko na chumvi. Wanjugu iko na kilo."

"Ndiyo, iko," akajibu Wanjugu, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta. "Lakini nimekuja kuomba yako."

Mama akaweka kikapu chini. Akainuka, goti moja halafu la pili, magoti yale anayomwomba Mungu kila Jumamosi. Akaingia ndani. Tulisikia kikapu cha boriti kikishushwa. Akatoka na ile pakiti, karatasi imefifia mpaka maandishi hayasomeki, haijawahi kufunguliwa, na chumvi ndani imeshikana kuwa bonge moja. Akalipiga mara mbili kwa jiwe la kusagia, akang'oa kona kwa meno.

Wanjugu akakinga mikono yote miwili.

Mama akausukuma mmoja chini. Akapapasa kile kiganja kilichobaki, akamwagia chumvi ya kufunika kucha, si zaidi. Wanjugu alikaa amekinga, anangoja.

"Basi," mama akasema. "Hiyo tu. Ikiisha, utakuja."

Akaikunja kona ya pakiti, akairudisha ndani kwenye boriti, pamoja na rozari na picha ya ubatizo wangu.

Walikula pamoja mchana ule, uji wa mtama na maziwa, kwenye kibuyu kimoja. Mimi ndiye niliyewapikia. Alipokuwa anaondoka Wanjugu aliniomba kipande cha karatasi. Nilirarua nyuma ya daftari la mwanafunzi, akaikunja chumvi yake ndani. Ua ulipotuficha akaniuliza, bila ukali, "Mwalimu, mbona hukuniambia?"

"Niliona haya."

Akanishika mkono, akaenda zake stendi. Kutoka Lodwar mpaka Kakuma ni kilomita zaidi ya mia, na aliporudi kule, chumba kilikuwa bado kitupu na malori bado yanatikisa mabati. Sitaki kudanganya mtu. Chumvi ile ilitosha sufuria moja.

Jumamosi iliyofuata, yapata saa tatu asubuhi, nilikuwa ndani natafuta viatu vyangu niliposikia sauti kwenye pengo la ua.

"Akeno! Ejok?"

Nikaenda mlangoni. Mama alikuwa ameketi pale tangu alfajiri, akijifanya anasuka. Akanishika sketi na kuniambia nirudi ndani, ataenda mwenyewe.